Andika Tena

Pelagia alikuwa amechoshwa na maneno mawili tu duniani, nayo yalitoka kwa mwalimu wa Kiswahili wa binti yake: andika tena.

"Karatasi niliyofungia chumvi iko wapi?" aliuliza asubuhi ile, amepiga magoti mlangoni, anachagua mchanga kwenye dagaa.

"Nimeandikia, mama," alijibu Getruda.

"Na ile ya mfuko wa saruji?"

"Na yenyewe."

"Na chumvi umeweka wapi?"

Getruda alielekeza kidevu kwenye kikombe cha bati juu ya kinu.

"Kwenye kikombe cha bibi yako. Kwa hiyo bibi yako leo atakunywa uji kwenye kiganja kwa sababu Mwalimu Florian hajaridhika."

Sauti ya Bibi Nyangi ilitoka ndani. "Mimi nitakunywa kwenye kibuyu. Mwache mtoto aandike."

"Mama, wewe ndiye unayemharibu."

"Namharibu, ndiyo. Na uji mletee na yeye."

Ilikuwa wakati wa kuvuna pamba, mwaka ule serikali iliporuhusu mitumba kuingia. Pale Bunda watu walikuwa wameanza tena kuonana na mashati yenye vifungo vyote, lakini daftari zilikuwa bado hazijarudi. Mtoto aliyepata daftari aliandika kwa penseli, akafuta kwa kipande cha kandambili, akaandika juu yake, mpaka karatasi ikatoboka. Wengine waliandika nyuma ya kalenda za zamani na nyuma ya stakabadhi za pamba. Katika hali kama hiyo ndipo Mwalimu Florian alipoanza kufundisha watoto wa kidato cha tatu kuandika jambo moja mara nyingi.

*

Mwalimu Florian alizaliwa kwa wavuvi, kule rasi ya Majita. Alikuwa kijana mwembamba mwenye koti moja, na alikuwa na tabia nzuri ya kubeba chaki mfukoni ili isiibiwe na walimu wenzake. Alikuwa amewaambia wanafunzi waandike kuhusu maisha yao wenyewe, tukio la kweli na watu wa kweli. Sasa alikuwa amesimama mbele ya darasa na rundo la karatasi za kila rangi, zingine zinanuka samaki.

"Nimesoma insha zenu zote," alisema. "Na nyote mmezaliwa katika familia moja. Familia maskini lakini yenye upendo. Baba ni mkulima hodari, mama ni mpole. Hakuna aliyewahi kugombana. Hakuna aliyewahi kuiba hata sukari."

"Sukari yenyewe haipo, mwalimu," alisema Renatus kutoka nyuma, na darasa likacheka.

"Wewe Renatus umeandika, 'Siku hiyo nilifurahi sana.' Ulifurahi kwa nini?"

"Ni siku ya sikukuu, mwalimu. Watu wanafurahigi."

"Watu wapi? Mimi nakuuliza wewe." Mwalimu alijifuta uso kwa mkono wenye chaki, akabaki na mstari mweupe kwenye paji. Hakuna aliyemwambia. "Kuandika si kumaliza. Ukishaandika, unarudi kwenye kila sentensi unaiuliza swali. Kama haijibu, unaifuta. Kama inajibu, unaandika tena vizuri zaidi. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Hamjaelewa," alisema, akaanza kugawa karatasi.

Karatasi ya Getruda ilikuwa imeandikwa, "Baba yangu ni mtu mwema anayenipenda." Chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, "Simwoni huyu baba. Anavaa nini? Anacheka vipi? Andika tena."

Getruda aliikunja karatasi mpaka ikawa ndogo kama pipi.

Katika daftari la mahudhurio aliandikwa Getruda Nyangi. Wanafunzi wa Butiama na Ikizu walijua Nyangi ni jina la mwanamke, na walijua maana yake. Bibi Nyangi alikuwa amezaa mabinti watupu, wote wameolewa mbali, na mume wake alipofariki aliona nyumba yake inakwenda kufungwa. Akafanya kama walivyofanya wanawake wengine wa kwao: akatoa ng'ombe, akamwoa Pelagia. Nyumba ntobhu, ndivyo wanavyoiita. Watoto ambao Pelagia angezaa wangekuwa wa Bibi Nyangi, kwa jina na kwa urithi, na mwanamume aliyemzalisha hakuwa na neno juu yao. Ndivyo walivyopatikana Getruda na mdogo wake Wensi, na ndivyo lilivyobaki hai boma lake la kijijini Mwitongo, lenye shamba na ng'ombe.

Kwa watu wazima hilo lilikuwa jambo la kawaida. Kwa watoto wa kidato cha tatu lilikuwa mchezo.

"Getruda," Renatus alinong'ona, "baba yako anasukaga nywele mtindo gani siku hizi? Twende kilioni?"

Kisha akamrudishia penseli aliyokuwa ameiazima kwake, tena ameichonga. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na mdomo tu.

Siku ile Getruda aliamua kumpa mwalimu baba wa kuonekana. Alikuwa anamjua mmoja. Aliwahi kumwona kule ziwani Mwigobero alipomsindikiza mama yake kununua dagaa za jumla: mwenye mtumbwi, jina lake Boniphace, kofia ya manyoya kichwani hata jua linapowaka, jino la mbele halipo, na anapocheka anaziba pengo kwa kidole. Alimtazama Getruda muda mrefu, akampa sato mmoja, akasema, "Huyu wako." Mama yake hakusema kitu njia nzima. Watu wengine walikuwa wamekwisha kumwambia ni nani.

Basi akaandika. Aliandika kofia, pengo, kidole na sato. Akaandika, "Huyo ndiye baba yangu, Boniphace wa Mwigobero." Kuhusu Bibi Nyangi aliacha mstari mmoja: "Bibi yangu ni mgonjwa, miaka ya nyuma alikuwaga anashinda ndani."

Mwalimu Florian aliisoma amesimama. Kwao Majita mambo ya nyumba ntobhu aliyasikia tu kwa mbali, wala hakufikiri kwamba yangeingia kwenye daftari la mahudhurio. Aliona tu kwamba hatimaye mtoto mmoja ameelewa. Alifurahi kama mtu aliyepata mafuta ya taa. Akaibandika karatasi ile kwenye ubao wa matangazo, mahali wazazi wanapopita.

*

Boniphace alifika nyumbani kwa kina Getruda, mtaa wa Nyasura, Jumamosi, mchana kweupe, amevaa koti la mtumba lenye vifungo vya dhahabu. Mkononi alikuwa na sukari iliyofungwa kwenye kitambaa na mche wa sabuni. Majirani walimwona tangu barabarani, kwa sababu mtu mwenye sukari alionekana mbali.

Bibi Nyangi na Pelagia walikuwa uani wanachambua pamba. Lundo lilikuwa kati yao. Safi ilikwenda kwenye kapu, na fifi, ile iliyoliwa na wadudu ikawa ya njano, ilitupwa kwenye gunia pembeni.

"Shikamoo mama," Boniphace alimwamkia Bibi Nyangi.

"Marahaba. Umepotea?"

"Sijapotea. Nimekuja kumwona mtoto." Alitazama chini, halafu akazungumza haraka, kama mtu aliyejifunza maneno njiani. "Nimesikia ameniandika. Mtoto wa shemeji yangu anasoma pale, amenisomea yote. Hata kofia. Mimi tangu nizaliwe hakuna mtu aliyeniandika, labda karani wa kodi."

Pelagia aliacha kuchambua. "Boniphace, nenda nyumbani."

"Siji kwa ugomvi. Lakini kama mtoto mwenyewe ameniita baba kwa maandishi, mbele ya shule, mimi nitakataaje? Na kama yeye ni wangu, na yule mdogo ni wangu. Siku wakija wachumba na mahari, watu wajue wanafikia wapi."

Jirani yao Marieta alikuwa amesimama kwenye ua wake na ndoo tupu. Aliona aibu kusikia, akaenda kisimani ingawa alikuwa ametoka huko sasa hivi.

Bibi Nyangi alisimama. Alikuwa mwanamke mrefu, na kusimama kwake kulichukua muda. "Getruda," aliita.

Getruda alitoka ndani.

"Umeandika wewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwa mkono wako? Hujatumwa na mtu?"

"Mwalimu alisema andika tena."

"Mwalimu alikuambia jina la kuandika?"

Bibi Nyangi alimgeukia Boniphace. "Sukari yako ni nzito, usibebe kuirudisha. Mpe yule mama mwenye ndoo, ana mtoto mchanga. Hapa hatunywi."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kigoda chake na blanketi lake. Pelagia alimshika mkono. "Mama, unaenda wapi? Ni mtoto yule. Ni insha ya shule."

"Naenda Mwitongo nikalale kwenye nyumba yangu, kabla Nyamhanga hajalala humo yeye. Kama Boniphace wa Mwigobero amesikia, unafikiri Nyamhanga hajasikia?"

Dereva wa lori la pamba alimpandisha mbele, akamtoa utingo wake akakae nyuma juu ya magunia, wala hakutaka nauli. Getruda alisimama barabarani mpaka vumbi likaisha.

*

Nyamhanga alikuwa amesikia. Alikuwa mtoto wa kaka wa marehemu mume wa Bibi Nyangi, na boma lake lilipakana na la Bibi Nyangi pale Mwitongo. Zamani aliwahi kuwa karani wa ghala la pamba, na ghala lilipofungwa yeye aliondoka na kalamu na karatasi. Kila jambo aliliandika. Akikopesha jembe, aliandika. Kuku wake akipotea, aliandika. Kwa watu wasiosoma, hilo lilimpa heshima kubwa, na kwa wanaosoma lilichosha.

Aliandika kwamba nyumba ya Nyangi haina mtoto, kwa kuwa mtoto mwenyewe, tena msomi, ameandika baba yake ni mtu mwingine, na kwamba shamba na ng'ombe virudi kwa ukoo, maana yake kwake. Wazee wakapanga kukaa Jumapili baada ya misa. Kijana alitumwa Nyasura kumwambia Pelagia aje na watoto, na aje na ile karatasi.

Pelagia hakulia. Alijifunga kanga, akaenda shuleni na harufu yake ya dagaa. Alimkuta Mwalimu Florian nje ya ofisi ya walimu. Walimu wengine walikuwa wanamtazama dirishani, mmoja akafunga pua kidogo, kwa adabu.

"Wewe ndiye andika tena?"

"Shikamoo mama. Karibu."

"Sikaribii. Mwalimu, mimi sijasoma sana, niliishia la nne. Nieleze. Mtoto anaandika kitu cha nyumbani kwake, wewe unakibandika ukutani kama tangazo la chanjo. Hukuuliza?"

"Sikujua, mama. Niliona ameandika vizuri."

"Ameandika vizuri." Pelagia alirudia yale maneno kama anayeonja mboga iliyozidi chumvi. "Bibi yake ameondoka. Jumapili wanakaa kututoa. Mwanangu wa darasa la pili atakuwa mgeni kwenye boma lake. Mimi kanisani nakaaga benchi la mwisho, sipokei komunyo, kwa sababu padri anasema nimeolewa na mwanamke. Nimevumilia. Nilisema angalau watoto wana kwao. Sasa wewe na ubao wako."

Mwalimu Florian alikwenda kwenye ubao wa matangazo. Alitaka kuivuta karatasi kwa haraka, lakini ilikuwa imebandikwa kwa uji wa muhogo, ikamlazimu kuibandua polepole kwa kucha, mbele ya wanafunzi, huku Pelagia amesimama nyuma yake. Hakuichana.

"Ameandika hapa jambo moja sikulisoma vizuri," alisema alipomaliza. "Nilitazama kofia tu. Ameandika bibi alikuwa anashinda ndani. Kwa nini?"

Pelagia alitazama pembeni. "Alikuwa anaumwa."

"Miaka mingi?"

"Mwalimu, usinianze na mimi."

Getruda alikuwa amesimama kwenye kona ya darasa, anajifanya anafagia. Mwalimu alimwita. Alifungua daftari lake la maandalio ya masomo, akatoa karatasi za katikati, safi, zenye mistari. Mwenyewe hakuwa na zingine. Mkaguzi angekuja angemkuta hana pa kuandika. "Hili kosa ni langu kuliko lako," alimwambia. "Lakini mimi siwezi kulisahihisha. Umeandika bibi alishinda ndani. Hiyo sentensi uliiuliza kwa nini?"

"Hapana."

"Kaiulize. Jumapili nitakuja."

"Jumapili unakuja kufanya nini?" Pelagia aliuliza.

"Kusemwa," alisema mwalimu.

Pelagia alimtazama juu mpaka chini, akaona mstari wa chaki kwenye paji lake la uso. "Jifute hapo," alimwambia, akaondoka.

*

Jioni waliendelea kuchambua pamba, wawili sasa, na nafasi ya Bibi Nyangi ilikuwa kubwa. Wensi alikuwa amelalia gunia la fifi.

"Mama, bibi alikuwa anaumwa nini?"

"Chambua."

"Nachambua. Alikuwa anaumwa nini?"

"Na wewe umeanza. Huyo mwalimu anawafundisha ukaidi." Pelagia alitupa fifi kwenye kapu la safi, akaitoa tena. Aliendelea hivyo kwa muda. Halafu akasema, bila kuinua uso, "Hiyo sketi uliyovaa, unajua imetoka wapi?"

"Ulinunua Musoma nilipochaguliwa kidato cha kwanza."

"Musoma kulikuwa na kitambaa gani mwaka ule? Watu walikuwa wanazika maiti na shuka la kuazima. Shule ilisema sketi ya bluu au usije. Bibi yako alikuwa na gauni la bluu, lile la kwenda kilioni. Alilipeleka kwa fundi mwenyewe. Fundi akaligeuza upande wa ndani usijue, akakushonea."

Getruda alitazama magoti yake.

"Likabaki gauni langu. Moja, la watu wawili. Mimi nikienda Mwigobero kuchukua dagaa, nimelivaa, yeye anabaki ndani amejifunga blanketi. Watu wakija tunasema anaumwa. Na wewe tukakuambia hivyo hivyo. Tungekuambia nini? Kwamba mwenye nyumba hana nguo?"

"Mngeniambia."

"Ungekubali kuvaa?"

Kwa kweli asingekubali, na wote wawili walijua. Wensi aligeuka usingizini, gunia likapasuka kidogo, fifi ikamwagika. Hakuna aliyeinuka kuiokota.

"Kaandike," mama yake alisema. "Hizi nitamaliza. Na karatasi ya mwalimu usiichafue."

*

Pale Mwitongo walikaa karibu na zizi la Bibi Nyangi, kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Bibi Nyangi alikaa kwenye kigoda chake mlangoni mwa nyumba yake, kama mtu anayezuia mbuzi asiingie. Boniphace aliitwa naye akaja, bila lile koti. Mwalimu Florian alifika na baiskeli ya kuazima, suruali imeshikwa na mnyororo ikachanika. Mke wa Nyamhanga, bila kuulizwa, alimletea sindano na uzi.

Aliyeongoza kikao alikuwa Mzee Magoti, aliyetaka kila kesi iishe kabla ugali haujapoa.

Nyamhanga alisimama na kusoma malalamiko yake. Yalikuwa marefu na yalianza na kuzaliwa kwa babu. Mwishoni alisema, "Mimi sisemi kitu. Karatasi ndiyo imesema. Kilichoandikwa kimeandikwa."

"Mwalimu," alisema Mzee Magoti, "wewe ndiye uliyeandikisha?"

"Ndiyo, mzee. Lakini lile lilikuwa andiko la kwanza. Lilikuwa halijakwisha."

"Lina herufi?"

"Lina herufi."

"Lina jina la mtu?"

"Linalo."

"Sasa halijakwisha kitu gani?"

Mwalimu alieleza. Alisema mwandishi anaandika, halafu anarudi, anajiuliza, anafuta, anaandika tena. Wazee walimsikiliza kwa subira wanayompa mgeni anayepotea njia.

"Kwa hiyo," alisema Mzee Magoti, "unafundisha watoto kuandika uongo, halafu kuurekebisha."

"Hapana, mzee. Nawafundisha wakisoma walichoandika wajiulize kama ni kweli."

"Na wewe kabla ya kubandika ulijiuliza?"

"Sikujiuliza."

"Haya."

Nyamhanga alitikisa kichwa. "Mahakamani hakuna andiko la kwanza na la pili."

Pelagia hakuwa na ruhusa ya kusema mpaka aulizwe, lakini alikuwa amechoka kungoja. "Mzee, samahani. Pamba ukiitoa shambani, siku hiyo hiyo unapeleka kwenye mizani?"

Mzee Magoti alikunja uso. "Watairudisha. Lazima uchambue kwanza, utoe fifi."

"Na kabla hujachambua, si ni pamba?"

"Ni pamba, lakini…" Aliishia hapo.

"Mtoto alikuwa bado hajachambua. Mwalimu akabeba kapu lote akalipeleka kwenye mizani, na Nyamhanga akaja na risiti. Mimi namlaumu mwalimu, na nitaendelea kumlaumu. Lakini mtoto mpeni nafasi atoe fifi yake."

Mtu mmoja alicheka, wengine wakafuata. Mwalimu Florian naye alicheka, halafu akakumbuka kwamba ni yeye anayesemwa.

"Ameandika nyingine?" aliuliza Mzee Magoti. "Isomwe. Fupi."

Getruda alisimama. Alivaa sketi ya shule ingawa ilikuwa Jumapili. Sauti yake ilianza chini, wazee wakamwambia apaze.

"Shuleni naitwa Getruda Nyangi. Wenzangu wananicheka kwa sababu Nyangi ni mwanamke. Niliona aibu, nikaandika baba mwingine. Huyo niliyemwandika aliwahi kunipa samaki mmoja, na nilimshukuru. Lakini sikujua sketi yangu imetoka wapi. Sasa najua. Ilikuwa gauni la bibi. Alilikata ili niende shule, akabaki na blanketi. Mimi nilikuwa narudi jioni namkuta ndani, nasema, bibi, pole kwa kuumwa, na yeye anasema, asante mwanangu, leo umefundishwa nini? Namsimulia yote, huku nimevaa nguo yake. Nyumba yetu ni ya Nyangi. Mimi na Wensi ni wa nyumba hiyo. Yule aliyekaa ndani bila nguo ili mimi nitoke, huyo ndiye ninayeitwa kwa jina lake."

Alikunja karatasi. Kuku walikuwa wanaparua kwenye samadi, na hakuna aliyewafukuza.

Mzee Magoti alikohoa. "Boniphace. Wewe ulitoa ng'ombe kwa ajili ya huyu mama?"

"Sikutoa."

"Ulivisha mtoto?"

Boniphace alikuwa ameshika kofia yake magotini. "Mimi nilitoa sato," alisema. "Mmoja. Kama alivyosema." Akaziba mdomo kwa kidole, ingawa hakuwa anacheka. Halafu akaongeza, "Mimi nilifurahi tu kuandikwa, mzee. Naondoa neno langu."

"Hajasema chochote cha sheria," alisema Nyamhanga. "Hizi ni habari za nguo."

"Nguo ni kitu," alisema mzee mwingine, ambaye mwaka ule wa shida alikwenda kilioni na suruali ya mwanawe. Wenzake waliitikia kwa koo.

Mzee Magoti alimgeukia Bibi Nyangi. "Mwenye nyumba, umesikia. Mtoto amesahihisha. Unapokea?"

Watu wote walimtazama. Bibi Nyangi alikuwa bado amekaa kwenye kigoda, mikono kwenye magoti. Uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi. Ulikuwa uso wa mtu aliyeletewa kapu na anaona bado kuna takataka.

"Amesahau," alisema.

Getruda alishtuka. "Nimesahau nini, bibi?"

"Mimi nilikuwa naenda hospitali. Nilikuwa nakuja huku kwenye vikao kama hiki. Nilikuja na nini? Na blanketi? Nilivaa gauni la mama yako. Siku hizo yeye ndiye aliyebaki ndani. Dagaa zake zilimwozea, akasema zimeibiwa. Wewe ulimwamini." Alinyoosha kidole kwa Pelagia, aliyekuwa ameinamisha kichwa. "Umeniandika mimi, yeye hayupo. Nyumba ya watu wawili umeijenga kwa nguzo moja. Wewe ni mtoto wangu, nani amekataa? Lakini hii bado."

Akamtazama Mwalimu Florian, kana kwamba ameazima kitu chake bila kumwomba.

"Andika tena," alisema.

Pelagia aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini mdomo wake ulikuwa ule ule wa asubuhi ya chumvi. "Kwa karatasi gani, mama? Karatasi za mwalimu zimekwisha. Kikombe chako bado kina chumvi."

Mwalimu alipapasa mifuko yake, akatoa chaki. Wazee walipapasa mifuko yao, wakatoa tumbaku.

Mzee Magoti aliutazama moshi wa jikoni, akaona ugali umekwisha kuiva. Alinyoosha mkono, akachukua yale malalamiko mkononi mwa Nyamhanga, karatasi nzuri nyeupe ya ghala. Akaipindua, akaipuliza kama mtu anayepuliza vumbi kwenye kiti cha mgeni, akampa Getruda.

"Huku nyuma hakuna kitu," alisema. "Na safari hii andika herufi ndogo, ienee."